Konokono wa Kabati la Peremende

Mume wangu alikuwa gadi wa treni ya Reli ya Kati, na kwa miaka mitano alituletea maji ya bahari Tabora. Hakuanza kwa kupenda. Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana, na siku moja nilimwomba anitafutie kiti cha pweza aliyekauka, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, nikawaonyeshe wanafunzi. Siku zile tulihimizwa walimu wote tujitafutie vifaa vya kufundishia, tuache kusubiri makasha kutoka Ulaya. Yeye akaniletea aliye hai, ndani ya debe la maji ya chumvi ambalo alilibana katikati ya miguu yake kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora. Kiumbe yule aliishi siku mbili. Nilimzika nyuma ya jiko, na nilihuzunika kuliko nilivyoweza kumweleza mtu, kwa sababu mimi mzaliwa wa Nzega nilikuwa sijawahi kuiona bahari, na siku zile mbili kila nilipopata nafasi nilikuwa nimeketi kando ya debe.

Mume wangu aliona. Safari iliyofuata akaja na madebe mawili.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka karibu na stesheni, alitupa kabati dogo la vioo ambalo zamani alikuwa akiwekea peremende. Siku hizo bidhaa nyingi zilikuwa zikipitia duka la ushirika, na kabati lake lilikuwa halina kazi. Tukaliziba pembe zote kwa nta ya nyuki kutoka Ipole, tukaiyeyusha na kuipaka kwa brashi mara tatu. Lilivuja wiki ya kwanza, likavuja ya pili, kisha likatulia. Tuligundua pia kwamba debe linapata kutu na kuyaharibu maji, kwa hiyo mume wangu akahamia kwenye madumu ya plastiki. Kwa hewa tulitumia mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Tuliujaza kwa pampu ya baiskeli asubuhi na jioni, tukaubana mdomo wake ili utoe pumzi kidogo kidogo kupitia kipande cha mti laini kilichozama ndani ya maji. Nyumba za reli zilikuwa na kuta nene na sebule yetu ilikuwa na baridi hata Oktoba. Kwa namna hiyo, bila kutegemea mtu, tukaweza kuwafuga samaki wawili wadogo, kaa anayeishi ndani ya ganda la kuazima, na mawe matatu yenye mwani.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza mara moja, mbele ya wengine, bahari ya sebuleni ingemsaidia nini mkulima wa kijiji cha ujamaa. Nilimjibu kwamba sijui. Lakini Jumamosi wasichana walikuja nyumbani wawili wawili na madaftari yao, wakakaa mbele ya kioo, na sikuwahi kulazimika kumwita hata mmoja.

Konokono yule alionekana mwanzoni mwa mvua. Hatukumweka sisi. Nadhani alikuja amejificha kwenye tundu la jiwe la mwisho ambalo mume wangu aliliokota. Alikuwa mdogo kama punje ya haragwe, ganda lake jembamba kama ukucha, la kahawia lenye mistari ya kijivu, na mdomo wake ulikuwa wazi, mpana, hauna alama yoyote. Nilimchora upande wa juu na wa chini. Maktaba ya shule ilikuwa na kitabu kimoja cha makombe ya bahari, cha Kiingereza, nikakipitia ukurasa kwa ukurasa mara mbili. Konokono wote wa kitabuni walikuwa wa bahari za baridi. Hakuna aliyefanana na wangu. Nikaandika chini ya mchoro: Mgeni, jina halijulikani.

Kwa wiki kadhaa nilimwona akitambaa juu ya kioo na kula ule utando wa kijani. Alikua haraka. Kisha akajificha chini ya jiwe kubwa, na sikumwona tena.

Wakati huohuo mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi. Alikuwa akiishi upande wa Igalula, kwenye shamba ambalo marehemu mumewe alilifyeka mwenyewe, na mwaka ule watu wa pande zile walikuwa wakihamia kijiji kipya. Shemeji yangu alimwomba mama akae mjini mpaka nyumba yake mpya iezekwe. Alifika na kikapu, jembe lake, na furushi lililofungwa kwa kanga. Jembe alilisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake na hakutaka liwekwe kwingine.

Nilimwogopa kidogo, nakiri. Nilikuwa nimeolewa miaka minne bila mtoto, nilivaa miwani, nilitoka asubuhi na kurudi alasiri, na chakula cha mchana alikipika mwenyewe. Hakunilaumu kamwe. Ila aliniita "mwalimu". Nikisema, "Shikamoo, mama," alijibu, "Marahaba, mwalimu," na hapo mazungumzo yetu yaliisha. Yeye na mwanawe walizungumza Kinyamwezi, ambacho mimi, kwa kukulia misheni, nilikisikia nusu nusu.

Mchana kutwa alikuwa peke yake na kabati la vioo. Siku za kwanza aliligeuzia mgongo. Alimwambia mume wangu kwamba maji ya kufuga wadudu hayana maana, na kwamba kama ni chumvi tuliyoitaka, ya Uvinza ilikuwa karibu. Baada ya wiki moja nilirudi nikakuta kigoda chake kimesogezwa karibu na kioo.

Asubuhi moja nilipokuwa nikiujaza ule mpira hewa, niliona kitu cheusi juu ya jiwe kubwa. Kilikuwa kama koa, kinene kama ncha ya kidole gumba, na ngozi yake ilikuwa na vijinyweleo laini vinavyopepea majini. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilitafuta ganda la yule mgeni wangu kila upande, nikainua na jiwe, sikulipata. Nikahitimisha kwamba koa huyo amemla. Kengele ya shule ilikuwa karibu kulia, nikaondoka nikiwa nimeudhika, nikamwachia mama mkwe neno moja tu, kwamba kuna adui ndani ya maji na jioni tutamtoa.

Niliporudi alikuwa ameketi palepale.

"Mwalimu," alisema kabla sijavua viatu, "mgeni wako hakuliwa. Amevaa nguo."

Nilifikiri sikumsikia vizuri. Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha Igalula, kwamba mchana jua lilipofika kwenye jiwe kupitia dirishani, yule mweusi alianza kujivua. Ile ngozi yake ilipasuka mgongoni katikati, ikashuka huku na huku kama mtu anayevua kanga, ikaingia chini ya tumbo. Kilichobaki juu kilikuwa ganda. Halafu kivuli kiliporudi, akajifunika tena.

Nilichukua kijiti nikamgusa kidogo. Ngozi ikarudi ndani mara moja, sawasawa na alivyonieleza, likatokea ganda la rangi ya maziwa, linang'aa kama limepakwa mafuta, na mgongoni lina pete ya rangi ya dhahabu. Nilimgusa tena, akaachia jiwe, akaanguka chini mchangani, akalala chali. Hapo tukauona mdomo wake. Haukuwa mdomo mpana niliouchora. Ulikuwa ufa mwembamba, na pande zote mbili ulikuwa na meno.

Mama mkwe alisimama, akaenda chumbani kwake. Nilisikia akifungua furushi. Alirudi na mkanda wa ngozi uliokauka na kukunjamana, ulioshonewa kauri saba, yale makombe madogo ya pwani yaliyotumika zamani kama fedha. Zamani zilikuwa nyingi, alisema. Zilizobaki ni hizo. Migongo yake yote ilikuwa imekatwa ili uzi upite, ndiyo maana mtu aliona upande mmoja tu: ufa mwembamba, na meno pande zote mbili.

"Hii ni simbi," alisema, akiitaja kauri kwa jina la kwao. Aliuweka mkanda kwenye kioo, mbele ya yule aliyelala chali. "Na huyo ni simbi."

Mkanda ulikuwa wa bibi yake. Mume wa huyo bibi alikuwa mpagazi aliyekwenda pwani na pembe na kurudi na nguo, shanga na simbi, akifuata njia ileile ambayo mume wangu sasa aliipita amekaa kwenye behewa. Mama mkwe mwenyewe alipokuwa mtoto aliambiwa kwamba simbi ni mbegu: bahari inaziotesha mchangani na kuzitema. Aliamini hivyo maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba zina mwenyewe ndani.

Aliketi tena kwenye kigoda. Alimtazama yule konokono akijigeuza, akipanda jiwe, akijifunika nguo yake nyeusi, na machozi yakamtoka bila sauti. Niliketi chini sakafuni kando yake. Tulikaa hivyo mpaka ikabidi kuwasha taa.

Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia. Kesho yake nilimwonyesha michoro yangu, nikamwambia kwamba simbi ni simbi, nakubali, ila yule mgeni wa kwanza alikuwa mwingine, maana mdomo wake ulikuwa wazi, ganda lake la kahawia, hana jino hata moja. Bila shaka walikuwa wawili, na mmoja alikufa mahali. Aliitazama michoro kwa makini.

"Ni yuleyule," alisema.

Nilimwonyesha tena tofauti moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mtoto gani huzaliwa na meno?" aliniuliza.

Nilimwomba mume wangu, akifika Dar es Salaam, atafute mtu wa kumuuliza. Alimpata mama mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kuokota makombe maji ya bahari yanapokupwa na kuyauza kwa uzani. Mume wangu alimpa mchoro wangu. Alituambia kwamba yule mama aliutazama, akamtazama yeye na sare yake ya reli, akacheka mpaka akaketi mchangani. Akasema hiyo ni kauri mtoto, kila mtu anajua. Kauri mchanga ana mdomo wazi kama konokono mwingine yeyote. Akishakua anaukunja mdomo ndani, meno yanaota, na anajipaka rangi mpya juu ya ile ya utotoni. Akauliza ni nani huko Tabora mwenye shida ya kujua mambo kama hayo. Mume wangu alimtaja mkewe, halafu, kwa haki, akamtaja mama yake.

Alirudi na kopo la maziwa ya unga lililojaa mwani mbichi, na ndani yake kauri watoto watatu, zawadi. Wawili walikufa njiani. Wa tatu tulimtia majini, na mimi na mama mkwe tukamfuatilia kwa miezi mitatu. Kila Jumapili tulipotoka kanisani nilimchora, na yeye alifunga fundo kwenye uzi. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu na miwani yangu. Ndiye aliyeona kwanza kwamba ukingo wa mdomo umeanza kuinama. Jumapili ya tisa aliniita jikoni, mikono yangu ikiwa na unga, nikaja nikaona vinundu vidogo vyeupe kando ya ufa, kama ufizi wa mtoto. Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Aliitikia kwa kichwa, kisha akasema niende nikautazame ugali, unaungua.

Jumamosi iliyofuata wasichana walipokuja, nilimwomba awaeleze yeye. Alikataa kwanza. Halafu alipomsikia msichana mmoja akisema koa, hakuweza kuvumilia. Aliwaeleza yote, na mkanda akawapa waupitishe mkono kwa mkono. Wengi wao nyumbani kwao zilikuwapo simbi, za bibi au za mganga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza zilitoka ndani ya nini. Yule mwalimu mwenzangu alisikia habari hiyo, akaja naye kutazama, akakaa saa nzima. Swali lake la mkulima hakulirudia.

Kutoka siku ile ya kopo, mume wangu akawa mjumbe. Yule mama wa pwani alituma swali kwa mama mkwe: watu wa bara mlizifanyia nini kauri zote zile? Alisema bibi yake mwenyewe alikuwa akiziokota kwa magunia na kuziuzia misafara, na mpaka anakufa hakujua ziliishia wapi. Mama mkwe alifikiri siku mbili kisha akatoa jibu. Alisema nyingine zilinunua majembe na mbuzi, nyingine zilivaliwa na watemi, nyingine waliwekewa watoto pacha walipozaliwa, na nyingine zilichezewa bao mpaka zikaisha makali. Mume wangu aliambiwa arudie maneno hayo mara tatu kabla ya kuruhusiwa kwenda kazini. Majibu yakaja, na maswali mengine. Mama wa pwani alimwita mama mkwe "shoga yangu wa Tabora", neno la wanawake wa pwani kwa rafiki wa kike, ambalo mama mkwe aliliona la kimjini kidogo, lakini alilipenda. Alimpelekea asali ya Ipole. Yeye akaletewa papa mkavu, ambaye alimla kwa ujasiri na hakumwomba tena. Safari moja mume wangu alichanganya habari, akamwambia mama wa pwani kwamba mama yake anaumwa mguu, kumbe ni mbuzi wa shemeji. Zikaletwa dawa za kuchua za aina nne. Mama mkwe alizitumia zote, asimvunje moyo aliyezituma.

Katika miezi hiyo, sijui siku gani hasa, aliacha kuniita mwalimu. Nilisikia "mwanangu, lete chumvi" nikaleta chumvi, na nilipofika nusu ya sebule ndipo nikagundua.

Nyumba ya kijijini iliezekwa mwezi wa nane. Kabla mama hajaenda kuhamia, mume wangu alichukua pasi ya reli ya familia, na wakati wa likizo ya shule tukapanda treni sote watatu kwenda Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na hamu zaidi ya mama mkwe, na niliificha. Yeye alivaa kanga mpya na hakulala njia nzima. Kila stesheni aliuliza jina lake na kulitamka. Alisema babu yake alitembea miezi mitatu.

Mama wa pwani alitungojea ufukweni na ndoo yake. Alikuwa mfupi, mweusi sana, mwenye sauti kubwa. Ilitokea shida ya salamu, maana haikujulikana nani amwamkie mwenzake. Walijaribu kupimana umri kwa kuulizana walikuwa wakubwa kiasi gani wakati wa vita vya Wajerumani, wakakuta hakuna anayejua. Mwishowe mama wa pwani alisema, "Shikamoo, basi, maji hayatungojei," akamshika mkono, wakaingia majini.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mimi nilisimama kwenye mchanga nikiwa nimeshika viatu vyangu, nikiitazama bahari ambayo kwa miaka mingi niliifundisha kwa chaki, na kilichonishangaza kuliko vyote ni harufu yake: ilikuwa harufu ya sebule yetu. Wao wawili walikwenda mbele wameinama. Mama wa pwani aliinua jiwe moja, akamwita. Nilikimbia nami. Chini ya jiwe, kwenye maji ya kufika kifundoni, walikuwapo kauri zaidi ya ishirini, wakubwa na watoto, wengine wamevaa nguo zao, wengine wamevua. Mama mkwe alipiga goti, kanga mpya ikalowa yote. Aliwagusa mmoja mmoja kwa kidole. Mama wa pwani alimwambia achukue awatakao, na alichukua wanne, akachagua wakubwa, bila haya. Kisha jiwe likarudishwa lilivyokuwa, maana mama wa pwani alisema jiwe likiachwa limepinduliwa, kila kilicho chini yake kinakufa kwa jua.

Wale wanne walichemshwa na kusafishwa palepale kwa mwenyeji wetu. Harufu ilikuwa mbaya ajabu, na wale mama wawili walicheka kama wasichana, wamejiziba pua kwa kanga.

Tuliporudi, mume wangu akiwa tena zamu kwenye treni, mama mkwe alishukia Igalula kuanza maisha ya kijiji kipya. Shemeji alikuja na wenzake kumpokea yeye na jembe lake na mizigo. Palepale kando ya reli, treni ikiwa bado imesimama, aliwatolea zile kauri nne zenye migongo mizima na pete za dhahabu, akawaambia kwamba simbi ni konokono, ana nguo nyeusi, na akiwa mtoto hana meno. Mzee mmoja alisema wazi kwamba watu wa pwani wamemdanganya. Wengine walicheka. Niliona kutoka dirishani kwamba hakukasirika. Alizifunga kauri zake kwenye pindo la kanga, akauliza kama mashamba yamegawanywa, na lake liko upande gani, kwa sababu mvua haikuwa mbali. Gadi, ambaye ni mwanawe, alipuliza filimbi, na sisi tukaendelea na safari kwenda Tabora.